Kaseti ya Darini

Siku ya mavuno, kwaya ikisimama kuimba wimbo wa dada yangu, mimi hukaa ubeti wa kwanza na wa pili. Wa tatu ukikaribia nanyanyuka. Nachukua fimbo yangu, nampita mzee mwenzangu tunayekaa naye benchi moja, natoka kwa mlango wa ubavuni. Watu wamezoea. Wanadhani ni kibofu. Mwenzangu huyo alishanishauri niende hospitali, na mavuno yaliyopita mzee wa kanisa mmoja akaniwekea kiti karibu kabisa na mlango ili nisihangaike kupita katikati ya watu. Nilimshukuru, nikakikalia, na ubeti wa tatu ulipokaribia nikatoka vilevile.

Nje nazunguka kanisa. Napita kwenye mikaratusi, napita kwenye tangi la maji, narudi. Siwezi kusimama mahali pamoja. Nikisimama nitasikia.

Zamani hizo, miaka ya Ujamaa, nilikuwa kijana wa ofisi ya elimu ya watu wazima, Lushoto. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, jambo ambalo huku milimani lilitosha kumfanya mtu aitwe kwenye kila shughuli yenye waya au karatasi. Ofisi ilikuwa na tepu rekoda moja ya kaseti, ya kubeba begani, yenye mfuko wa ngozi na vitufe vikubwa. Wenzangu waliogopa vile vitufe, kwa hiyo ikawa yangu. Nilizunguka nayo vijijini kwa miguu, au nyuma ya lori la mboga nikibahatika. Watu wakitoka shamba la kijiji walikaa darasani, baba zetu na mama zetu na vidole vyao vigumu vya jembe, na kabla ya kuanza kusoma niliwawekea kaseti yenye somo la matuta, au la kuchemsha maji, au la kunyonyesha.

Mashine ikisumbua, nilikuwa mimi fundi. Sauti ikiwa nzito na ya kuburuta, hiyo ni betri. Betri zilikuwa adimu, kwa hiyo nilizitoa nikazianika juu ya jiwe, zikapata nguvu kidogo. Kaseti ikipiga kelele kama mlango, hiyo ni unyevu. Nilipigapiga kaseti kwenye kiganja, mkanda ukalegea. Mashine ikila mkanda, niliuchomoa taratibu, nikaurudisha kwa kuzungusha penseli. Hayo ndiyo majibu niliyokuwa nayo, matatu, na kwa kuwa yalikuwa hayajaniangusha, niliamini kwamba na matatizo ni matatu.

Dada yangu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa mkulima, na kanisani ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo. Kila wimbo wa kwaya yetu ulianza na yeye peke yake, wengine wakamfuata. Sauti yake ilikuwa haina haraka. Mimi na yeye tulizaliwa tumbo moja, lakini kwenye kuimba nadhani alichukua fungu la wote wawili. Nilipokuwa mtoto wa shule ya Jumapili alikuwa akiniambia, "Wewe fungua mdomo tu, usitoe kitu."

Alikuwa na tezi shingoni. Ilianza akiwa msichana, ndogo, akaifunika kwa kanga, na wanawake wengi huku walikuwa nazo, kwa hiyo haikumshtua mtu. Lakini mwaka huo ilikuwa kubwa. Alimeza chakula kwa shida, na akipanda kutoka bondeni kwenye bustani zake alisimama njiani mara kwa mara kutafuta pumzi. Hospitali ya misheni wakamwambia lazima ikatwe. Daktari hakumficha kitu. Alimweleza kwamba mshipa wa sauti unapita palepale penye tezi, na kwamba anaweza kuamka na sauti nyingine.

Alinifuata ofisini siku hiyohiyo. Nikamwamkia, "Shikamoo dada."

"Marahaba. Hicho kidude chako, kinatunza sauti ya mtu yeyote, au ya bwana kilimo tu?"

"Ya yeyote."

"Kinaitunza mpaka lini?"

"Ukiiweka vizuri, miaka."

Akakaa kwenye kiti cha wageni, akafikiri. "Basi kiniwekee yangu. Nikirudi nayo kutoka hospitali, tutakaa tuicheke. Nisiporudi nayo, nitaikuta kwako."

Nilikwenda kwake Jumamosi. Tukafukuza kuku, tukafunga mlango. Aliimba nyimbo chache ambazo kwaya ilikuwa inazijua, kisha akasema, "Sasa nyamaza. Huu hawaujui." Ulikuwa wimbo wa mavuno, kwa Kishambaa, ameutunga mwenyewe akipalilia maharage siku zile za kungoja kitanda cha hospitali. Hakuwa amemfundisha mtu. Ubeti wa kwanza na wa pili ulikuwa mzuri, lakini unaufahamu, unajua unakwenda wapi. Ubeti wa tatu sauti yake iliacha njia. Ilipanda, ikapanda tena pale nilipodhani imefika, ikakaa huko juu bila kutetemeka, halafu ikashuka pole pole mpaka chini. Nilisahau kuzima mashine. Mwisho wa kaseti ile kulikuwa na sauti yake akiniuliza, "Mbona unanitazama hivyo, umeunguza kitu?"

Nilijua kazi yangu, angalau kwa kiasi hicho: sauti moja isikae kwenye kaseti moja. Mwalimu mmoja rafiki yangu alikuwa na redio kaseti, tukaunganisha mashine mbili kwa waya, tukatoa nakala. Ile ya kwanza nikaiweka kwenye kabati la chuma ofisini. Nakala ndiyo iliyonisumbua. Anayeishi Lushoto hahitaji kuelezwa unyevu wa masika. Viatu ukivivua Jumapili, Jumapili nyingine vimeota manyoya ya kijani. Vitabu vinavimba. Nilitaka nakala ikae pakavu kuliko mahali pote, na kwenye nyumba ya Kishambaa mahali hapo ni pamoja tu, darini juu ya jiko, yanaponing'inizwa mahindi ya mbegu. Moshi unapita hapo mchana na usiku. Fukusi hawagusi, ukungu haugusi. Baba yetu aliweka mbegu hapo, na baba yake. Nikaifunga kaseti kwa kitambaa, nikaipachika kati ya mahindi na kapu la maharage.

Mke wangu aliniangalia nikishuka ngazi. "Hiyo nayo tutaipanda vuli au masika?"

Nilipomweleza dada, naye akacheka mpaka akashika shingo. "Unataka niote?"

Akaenda hospitali. Na mimi ndipo nilipoanza kutotulia. Kwanza upasuaji uliahirishwa, kisha ukafanyika, kisha tukaambiwa kuna homa, wageni wasubiri. Nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka vijijini na mashine begani, na kabla ya kuvua viatu napanda darini, naiteremsha nakala, naiweka kwenye mashine, naisikiliza kidogo. Nasema nilisikiliza, lakini si kweli, nilikuwa nakagua. Nilitaka kujua kama bado ipo. Ipo. Naifunga kwenye kitambaa, nairudisha juu ya moshi. Kesho au keshokutwa moyo unaniambia huenda ngazi iliteleza, huenda panya, huenda joto limezidi, naiteremsha tena. Mke wangu akawa ananiambia, "Mwache dada yako alale." Sikumwacha. Mashine ya ofisi ilifungua mdomo na kuimeza ile kaseti mara nyingi kuliko somo lolote la matuta.

Dada alirudi na bandeji shingoni. Nilimkuta amekaa uani juani, na alipofungua mdomo nikasikia mtu mwingine. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayevuta gunia juu ya changarawe, na katikati ya neno ilikatika, ikabaki hewa tupu.

"Tezi wameitupa," alisema. "Na ile yangu?"

"Ipo. Zipo mbili."

Akatabasamu. Alikuwa amejiandaa, nadhani, kuliko mimi. Palepale akaniambia mpango wake. Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia, na wimbo wake utaimbwa. Atakayeuanzisha ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi, binti Mbondei aliyeletwa kwetu kutoka Muheza, mwenye sauti safi na masikio mepesi. Binti huyo alikuwa hajawahi kumsikia dada akiimba, alifika kijijini dada akiwa hospitali. "Ni vizuri," dada alisema. "Hatakuwa na mazoea. Atausikia kwenye kidude, ataushika kama ulivyo."

Tukakutana kwa dada mchana wa Jumamosi. Yule mwalimu alimwamkia dada, akakaa mkekani, akafungua masikio. Nilikuja na kaseti ya kabatini. Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ukaanza kuburuta. Sauti ya dada ikawa nzito, ya kiume, na mwenyewe akasema kwa ile sauti yake ya gunia, "Huyo sasa ndiye mimi." Yule mwalimu alicheka, kisha akaziba mdomo.

"Betri," nikasema. Nikazitoa, nikazianika juu ya jiwe la kunolea visu. Tukanywa chai. Mwalimu akarudiarudia beti zile mbili alizozisikia, na kweli alizishika, dada akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikarudisha betri, nikaendelea palepale tulipoachia, mwanzo wa ubeti wa tatu. Mashine ikalia kama mlango. Kabla sijafikia kitufe, ikasimama. Nilipofungua kifuniko mkanda ulikuwa umejizungusha ndani kwenye kigurudumu cha mpira, umekunjamana kama matumbo ya kuku. Nikavuta taratibu. Nikavuta tena. Ukakatika vipande vidogo vidogo visivyoungika.

"Ni unyevu," nikasema. "Kabati la ofisi lina unyevu. Ndiyo maana niliweka nyingine pakavu."

Sasa nikiwaza, naona hapo ndipo palipokuwa na njia panda, na sikuiona hata kidogo. Kaseti moja imeharibika ndani ya mashine. Mtu mwenye akili angejiuliza ni nani mgonjwa, kaseti au mashine, na angetafuta jibu kwa kaseti isiyo na thamani, ya kuchemsha maji, ambayo nilikuwa nayo mfukoni. Nilikuwa nayo mfukoni kweli. Lakini nilikuwa nimeshasema unyevu mbele ya watu, na miguu ilikuwa inawasha kwenda.

Dada alisema, "Tuache leo. Ulete Jumamosi ijayo."

"Ni dakika chache, dada. Nakimbia."

"Mwalimu naye amechoka."

"Sijachoka, mama," mwalimu alisema kwa adabu.

Nikakimbia. Nyumba yangu ilikuwa ng'ambo ya bonde, nikashuka kwenye bustani za kabichi, nikapanda, nikapanda ngazi ya darini na viatu vya matope, mke wangu akiniuliza nani amekufa. Nikarudi nikihema. Nakala nikaifungua kwenye kitambaa mbele yao kama mtu anayefungua zawadi. Nikaiweka kwenye mashine ileile. Na kwa kuwa mwalimu beti mbili alikuwa nazo tayari, na kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuona dada akifurahi, sikuanzia mwanzo. Nilibonyeza kitufe cha kukimbiza mkanda mpaka kwenye ubeti wa tatu.

Tulimsikia. Hilo nalikumbuka. Tulimsikia akivuta pumzi ile ya kabla ya kupanda, na kanga yake ikisugua kitu. Kisha sauti ikaanza kupanda, ikalegea, ikawa ya mnyama, ikanyamaza.

Kuku aliingia, akatoka.

Nilichomoa mkanda nikijua. Penseli haikusaidia kitu, sehemu ile ilikuwa imechanika na kuvutika kama uzi. Nikaomba spiriti kidogo kwa mganga wa zahanati jirani, nikafunga pamba kwenye kijiti, nikasugua kile kichwa kidogo cha chuma ambacho mkanda hupita mbele yake, na kigurudumu cha mpira. Pamba ikawa kahawia, nyingine ikawa nyeusi, nyingine ikanata. Nikainusa. Ilinuka jiko la mke wangu. Ilinuka mimi, nguo zangu, blanketi zangu, harufu niliyoishi ndani yake tangu kuzaliwa, na ndiyo maana sikuwa nimeinusa. Moshi unaotunza mahindi ulikuwa umeacha masizi ya kunata kwenye mkanda, na kila nilipoteremsha kaseti kuikagua niliyasugua masizi hayo kwenye mashine, kidogo kidogo, mpaka mpira ukawa unashika kila kinachopita. Kaseti ya kabatini haikuwa na tatizo lolote. Niliileta kwenye mdomo mchafu, na ulipoila nikauletea na ya pili.

Nilimwambia dada palepale, mbele ya mwalimu. Nilimwonyesha pamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaichukua ile pamba, akainusa naye.

"Mahindi yanakaa darini salama," alisema, akipumzika kati ya maneno, "kwa sababu hakuna anayeyashusha kila siku kuyauliza kama bado ni mahindi."

Hakusema jambo jingine juu ya hilo, siku ile wala baadaye. Alimgeukia mwalimu. "Njoo karibu, mwanangu. Nitakuonyesha kwa nilichobaki nacho."

Mimi nilikaa kizingitini na mashine mapajani. Baada ya kusuguliwa ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Dada alianza ubeti wa tatu kwa ile sauti ya changarawe. Ilifika pale pa kupanda, ikakatika. Alijaribu tena, ikakatika palepale, ikatoka hewa, halafu akaingia chini, kwenye yale maneno ya kushukia. Mwalimu alimsikiliza kwa makini, akaimba. Alikuwa na masikio mepesi kweli. Aliimba mpaka pale, akanyamaza kidogo, akaacha hewa ipite, akaingia chini. Alidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Dada alitikisa kichwa. Aliinua mkono kuonyesha kwamba sauti inakwenda juu. Mwalimu akapanda, lakini si huko. Dada akainua mkono zaidi. Mwalimu akapanda kwingine. Dada hakuwa na noti za kuandika, hakujua kuandika noti. Akanitazama mimi. Mimi niliyeusikia mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani, nikiukagua. Nikafungua mdomo, na sikutoa kitu.

Mkono wake ulikaa hewani kitambo. Kisha akaushusha gotini.

"Ni sawa," alimwambia mwalimu. "Kama ulivyouimba mwanzo. Unyamaze hapo kidogo, halafu ushuke. Imba hivyo."

Wakauimba hivyo siku ya mavuno, na watu wakalia. Wakauimba mwaka uliofuata. Mwalimu akahamishwa, akamwachia mwingine, naye mwingine. Dada ameshalala makaburini, juu ya kanisa. Siku hizi vijana wa kwaya wanaupenda wimbo ule kwa sababu ya kile kimya cha ubeti wa tatu, wanasema hapo ndipo mtu anapokumbuka wafu wake. Wanaonyamaza vizuri wanasifiwa.

Mwaka jana nilijikaza nikamfuata mwalimu wa kwaya, kijana mpole. Nilimweleza kwamba pale pa kimya kuna sauti inayopanda, na kwamba mimi ninaijua. Akaniomba nimwimbie. Nikasema siwezi kuimba, nitampigia mluzi. Nikapiga. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, mikono nyuma.

"Mzee," alisema, "naomba urudie."

Nikarudia.

"Mara ya kwanza ulipanda kuliko hivyo."

Nikajaribu tena, nikasikia mwenyewe kwamba hii nayo ilikuwa tofauti. Akaniambia kwa upole kwamba wimbo hapo haupandi, kwamba ameupokea hivyo kwa aliyemtangulia, lakini anashukuru. Nikamwitikia, nikaondoka.

Tangu siku hiyo sitembei njia bila kuujaribu. Nikishuka bondeni naupiga mluzi, nikipanda naupiga, nikiwa peke yangu nyuma ya nyumba naupiga. Wajukuu wamenizoea. Asubuhi naamka nikiwa na hakika ninao, kama ulivyokuwa siku tulipofukuza kuku na kufunga mlango, na ningekuwa na busara ningeuacha ulale hapo. Lakini siwezi. Naupiga kuona kama bado ni wenyewe, na kila nikiupiga unapanda kwingine.

Jumapili ijayo ni mavuno. Kiti changu kimewekwa mlangoni.